Mashine ya kukereza haifungwi kwa misumari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo ambalo limenikaa moyoni miaka sasa, na kama barua ni ndefu naomba usikate pale kwenye maelezo ya boliti maana ndo hapo penyewe nilipoandikia.

Mimi ni fundi seremala hapa Keko, Dar es Salaam, na kazi yangu kubwa ni kukereza, yaani mashine inazungusha mti na mimi nauchonga kwa patasi mpaka unakuwa duara, ile miguu ya vitanda ya duara, nguzo za ngazi, miguu ya meza, michi, bakuli, vyote hivyo. Nilianza kushika patasi ya kukerezea mwaka 2003. Enzi hizo mashine za kukereza huku kwetu zilikuwa za kuhesabu, ukitaka miguu ya kitanda ikerezwe unabeba mbao zako begani unaenda kupanga foleni kwa mzee mwenye mashine unasubiri mpaka saa kumi jioni. Siku hizi ukipita mtaani kila baada ya fremu tatu nne unasikia moja inalia. Nyingi zinachomelewa hapahapa mjini, chaneli mbili za chuma ndo reli zake, beringi, puli ya kupitishia mkanda, na mota iliyookotwa kwa watu wa skrepa au iliyotolewa kwenye pampu ya maji. Mimi sina ugomvi na hizo mashine, zimelisha familia nyingi na vijana wetu wanaozichomelea wana akili sana. Kinachoniuma ni namna zinavyowekwa. Mtu anatoa hela nzuri ananunua mashine, halafu anaitua juu ya meza yoyote iliyopo anaishikiza kwa misumari minne au skrubu, anachomeka waya, anamwita kijana anamwambia haya piga kazi.

Mwaka 2019 kwenye fremu ya jirani yangu bosi alifanya hivohivo. Meza yenyewe ilikuwa ya kupigia randa, ya msonobari, ubao wa juu inchi moja, miguu ya mbili kwa mbili, akaikamata mashine kwa skrubu nne za inchi mbili na kazi ikaanza siku ileile. Wiki ya kwanza miguu inatoka mizuri, watu wanapiga picha. Wiki ya pili dogo mmoja wa miaka 19, mtoto mpole na mwenye mkono mwepesi wa kazi, alikuwa anatoa kona kwenye mninga wa nne kwa nne, urefu futi tatu. Mimi nilikuwa nje napiga msasa. Nikasikia sauti imebadilika, maana mashine ya kukereza ikiwa sawa inavuma, ile ilikuwa inagonga, du du du du, nikanyanyua kichwa nimwambie azime na sikuwahi. Skrubu za upande wa kichwa, yaani kule mti unakozungushwa na mota, ziling'oka zote mbili, mashine ikainuka, kule mkiani kunakoshika ncha ya pili ya mti kukaachia na mti ukatoka ulivyo. Ulimpata kwenye taya chini ya sikio. Tulimpakia kwenye bajaji, njia nzima nilikuwa nimembana shati langu usoni, taya lilivunjika na meno mawili yalibaki pale chini kwenye vumbi la mbao. Wiki sita alikuwa anakunywa uji kwa mrija. Amepona, namshukuru Mungu, ila mashine hajaigusa tena mpaka leo na mimi simlaumu.

Jioni ile nilirudi nikapiga magoti nikaiangalia ile meza kwa tochi ya simu. Matundu ya skrubu yalikuwa yamepanuka kiasi kwamba kidole changu cha mwisho kiliingia. Na pale ambapo mguu wa mashine ulikuwa umekanyaga, ubao ulikuwa umesuguliwa hadi ukawa mweusi unang'aa kama umepakwa polishi. Mhariri, ubao haung'ai hivo kwa dakika moja. Ile mashine ilikuwa inatembea siku nyingi, kidogo kidogo, inasaga mbao kila mti unapozunguka, na sisi wote tunapita pale hatuoni. Halafu mtaa mzima ukasema dogo hakuwa makini. Bosi wake alisema hivohivo. Nakataa. Ungemweka pale fundi wa miaka 30 mashine ingeng'oka tu.

Watu wanadhani kwa vile mashine ni nzito basi uzito wake unatosha kuishikilia. Sio kweli na naomba nieleze kwa hesabu maana hesabu haina upande. Mti wowote ambao haujawa duara una upande mmoja mzito kuliko mwingine, hata ukiutafutia senta kwa makini kuna fundo, kuna maji ndani yake, kuna gome. Chukua gogo la bakuli ambalo upande mmoja umezidi gramu 100 tu, uzito wa kipande cha sabuni, na zile gramu ziko sentimita 12 kutoka katikati. Ukilizungusha mara 1,000 kwa dakika, zile gramu 100 zinavuta mashine kwa nguvu ya kama kilo 13. Ukibadilisha puli ukaenda mara 2,000 haiwi 26 kama mtu angetegemea, inaruka mpaka kilo 50 na zaidi, kwa sababu spidi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Na hizo kilo 50 hazivuti upande mmoja zikatulia, zinavuta juu, mbele, chini, nyuma, mara 33 kwa sekunde moja. Sasa niambie msumari gani utakaa kwenye msonobari kwa mvutano wa namna hiyo kutwa nzima. Msumari unashikwa na mbao kwa kubanwa tu, ukitikiswa tundu linapanuka, likipanuka unatikisika zaidi, ndo mwisho wake.

Kwa hiyo spidi kwanza. Hesabu tunayotumia wakerezaji ni hii, upana wa mti kwa inchi zidisha na mizunguko kwa dakika, jibu lako liwe kati ya 6,000 na 9,000, lisipite hapo. Bakuli la inchi 10 ni mizunguko 600 hadi 900 na kabla halijawa duara nenda chini ya hapo. Mota nyingi za umeme wetu zinazunguka kama mara 1,440, ila zile za pampu za maji nyingi ni za 2,800 na ushee, mtu anaifunga bila kusoma kibao chake, anaweka puli sawa kwa sawa, anapandisha gogo la inchi 10. Hapo hata meza ya zege haitakusaidia.

Sasa meza. Yangu niliijenga mara mbili, ya kwanza niliivunja mwenyewe. Uso wa meza usipungue inchi mbili na nusu, mimi nilichukua mbao za mkaratusi mkavu nikazisimamisha kwa ubavu, nikazigundisha na kuzibana pamoja mpaka ikawa kitu kimoja. Mtu asiye na uwezo huo anaweza kugundisha plaiwudi nne za robo tatu inchi na ikawa meza nzuri kabisa. Ila mbao ziwe kavu, nasisitiza, maana ukifunga boliti kwenye mbao mbichi baada ya miezi miwili mbao imesinyaa na boliti iliyokuwa imekaza unaizungusha kwa vidole. Miguu iwe ya nne kwa nne na isisimame wima kama ya meza ya kulia chakula, ilaze itanuke kwa chini mbele na nyuma kama mtu aliyejiandaa kusukumwa. Halafu weka mikingamo ya kukatiza kona, usitegemee vibao vya kulala peke yake, meza isiyo na mkingamo wa kukatiza itayumba hata ungeipa miguu ya chuma. Urefu wake upime kwa mwili wako, simama umekunja mkono, ile ncha inayoshika mti iwe sawa na kiwiko. Meza fupi inakuinamisha, ukiinama uso unaupeleka palepale ambapo mti utapita ukitoka.

Chini ya meza tengeneza sanduku la kupakia mchanga. Hii ndo siri kubwa na ni ya bei ya bure kabisa. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu ina kilo 30 na kidogo, mimi nimeweka ndoo sita kwenye viroba vilivyoshonwa midomo, karibu kilo 190, na meza ambayo nilikuwa naweza kuisogeza kwa goti sasa watu wawili hawaisogezi. Mchanga una faida nyingine ambayo jiwe au chuma hakina, punje zake zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na mtikisiko unafia mlemle. Weka kwenye viroba sio kumwaga tu, la sivyo maranda yataingia na panya nao watahamia.

Sasa boliti. Toboa matundu ya kupenya meza yote mpaka chini, kwa boliti ya milimita 12 tundu ni la 13, usipanue zaidi ukafikiri unajirahisishia kazi. Boliti ishuke kutoka juu, ipite mguu wa mashine, ipite meza, na kule chini usiweke washa, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati, ndogo ya saizi yake maana itazama kwenye mbao kama kidole kwenye ugali. Weka bapa la chuma, au washa pana kabisa, mimi nilikata bapa la milimita 6 moja refu linaloshika boliti mbili za upande wa kichwa kwa pamoja. Halafu washa ya springi, halafu nati, halafu nati ya pili inaifunga ile ya kwanza. Mashine ya mita moja boliti nne zinatosha, ikizidi hapo ongeza mbili katikati. Bei ya boliti zote na washa zake kwenye maduka ya Gerezani, Kariakoo, haifiki bei ya galoni moja ya vanishi, na hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazuri wanalifanya. Wanaweka mashine, wanakaza boliti zote kwa nguvu zao zote, basi. Uso wa meza hauwi bapa asilimia mia, na reli za hizi mashine zetu ni chaneli, zinajipinda kufuata meza. Ukikaza bila kuangalia unazinyonga reli, na matokeo yake ncha ya kichwa na ncha ya mkia hazitazamani tena, mti unazunguka huku unavutwa upande, mtikisiko hauishi na wewe unahangaika kubadilisha beringi ambazo hazina kosa. Fanya hivi. Kabla ya kukaza, sogeza mkia mpaka ncha yake iiguse ncha ya kichwa, ziangalie kutoka juu na kutoka ubavuni, ziwe zimekutana kama ncha za sindano mbili. Kaza boliti moja kidogo, angalia tena. Ukiona zimeachana, legeza, chomeka kipande cha bati chini ya mguu wa kona hiyo, kaza tena. Mimi ya kwangu ilinichukua saa nzima na vipande vitatu vya bati la kopo, na miaka yote hii ncha hazijahama. Vipande vya mpira wa tairi mimi naviweka chini ya miguu ya meza, vinasaidia kwenye sakafu isiyo sawa, ila kati ya mashine na meza usiweke mpira mnene, mashine itakuwa inadundadunda juu yake na boliti hazitakaza milele.

Mota nayo ikae kwenye meza hiyohiyo, sio kwenye kigoda pembeni. Nimeona mota imefungwa kwenye stuli, mkanda ukivuta stuli inakuja, mkanda unalegea, unaruka.

Ukimaliza weka glasi ya maji juu ya meza karibu na kichwa, washa mashine bila mti kwa spidi ya chini. Maji yakitetema kidogo tu juujuu uko sawa, yakirukaruka zima, kuna kitu hakijakaza. Halafu weka mti mdogo, halafu mkubwa. Na wewe simama pembeni wakati wa kuwasha, sio mbele ya mti.

Najua wenzangu wa fremu za kupanga mnasema nini maana nimeambiwa mara nyingi. Mwenye nyumba hataki sakafu itobolewe. Ni kweli, wengine hata msumari ukutani ni kesi, na mimi mwenyewe nilihamishwa fremu moja kwa sababu ya matundu manne ya boliti za zege. Kama mwenye nyumba anakubali, toboa sakafu ufunge miguu, hakuna kinachoshinda hapo. Kama hakubali ndo maana nimesema mchanga, kilo 190 za mchanga hazihitaji ruhusa ya mtu na ukihama unazimwaga unabeba sanduku lako. Usijaribu kufidia kwa kuifunga meza kwenye ukuta wa tofali za block peke yake, plasta inapukutika, ukuta unaanza kulia na jirani wa upande wa pili naye anakuja na maneno.

Kwa ndugu zangu mnaochomelea mashine na kuziuza nina ombi. Nimeona mashine zinatoka bila tundu hata moja miguuni, mnunuzi anaambiwa utatoboa mwenyewe, na huyo mnunuzi hana drili ya kutoboa chuma, kwa hiyo anakunja misumari juu ya mguu. Nyingine mguu wake ni kipande chembamba ambacho kikikazwa boliti kinakunjika. Jamani tobo nne kwenye mguu mnene ni kazi ya dakika ngapi? Mpeni mteja mguu mpana wenye matundu, mpeni boliti zake kwenye mfuko, ongezeni bei kidogo, atalipa. Na yule mwenye mota ya 2,800 mwambieni wazi asipandishe mti mkubwa bila puli ya kupunguza.

Kwa walimu wa ufundi vilevile. Vijana wanaokuja kwangu kutoka vyuoni wanajua kushika patasi, wanajua majina ya mbao, wengine wananizidi mimi kuchora. Lakini wote wamejifunzia kwenye mashine kubwa za chuma cha kumimina ambazo walizikuta zimefungwa kwenye sakafu kabla wao hawajazaliwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiweka mashine mwenyewe. Akija mtaani anakutana na hii ya kuchomelea iko juu ya meza ya msonobari, haoni tatizo, kwa sababu hajawahi kuona kufunga kukifanyika. Siku moja tu ya somo ingetosha, wapewe mashine iliyo chini, meza, boliti na drili, waambiwe ifungeni.

Wazee wa pwani waliokereza miguu ya vitanda kwa upinde walikuwa wanakaa chini, mkono mmoja unavuta upinde unaozungusha mti, mkono mwingine na mguu vinaongoza patasi, na vigingi vya kushika mti viko palepale ardhini. Ardhi ndo ilikuwa meza yao. Mti ulikuwa unazunguka taratibu mbele na nyuma, hata ukitoka unaanguka mapajani. Sisi tumeongeza umeme na spidi mara nyingi zaidi ila meza tumeipunguza.

Na kwa mabosi wenzangu wenye karakana, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe sehemu ya kazi ni salama, haisemi kama una kijana mmoja au mia. Najua wengi wetu tunawalipa vijana kwa kipande, hakuna mkataba, akiumia tunachanga nauli ya hospitali na elfu kumi kumi halafu tunaendelea. Yule dogo alichangiwa hivo. Mama yake alikuja pale fremu siku ya tatu, hakugombana na mtu, aliomba tu aonyeshwe mashine yenyewe. Akaiangalia muda mrefu, akaishika, ikatikisika mkononi mwake kwa sababu bado ilikuwa haijafungwa, akauliza, kwani hii huwa haifungwi? Hakuna aliyemjibu, na mimi nilikuwepo nikanyamaza na wenzangu.

Kwangu sasa hivi kila Jumatatu asubuhi kabla umeme haujawashwa kijana wa zamu anapita na spana ya 19 chini ya meza zote mbili, anagusa nati moja moja, na wakati wa masika tunagusa pia Alhamisi maana mbao zinavimba na kusinyaa. Fundi yeyote wa Keko au wa kokote anayetaka kuja kuipima meza yangu ili akajenge ya kwake aje tu, aje na futi na karatasi, sitamtoza kitu.

Fundi mkerezaji,
Keko, Dar es Salaam